Mguu wa Doa: jibu lilikuwa ukurasa wa siku ya 29

Kwa siku tano nilimnunia mdogo wangu kwa sababu ya kochi. Siku ya 33 tangu Doa afanyiwe upasuaji, mdogo wangu alienda kupokea wageni akaacha kizimba wazi. Mbwa akatoka taratibu, akaruka juu ya kochi kama alivyozoea kabla hajagongwa, akajikunja pale na vyuma vyake mguuni. Siku tatu baadaye tulikuwa tena kwa daktari wa mifugo: pini moja imelegea, usaha unatoka, na tarehe ya kuvua vyuma imesogezwa mbele. Mkosaji tulikuwa naye nyumbani, anakula nasi meza moja. Nilishamhukumu. Kisha, usiku wa siku ya 38, nikafungua daftari.

Nilichokikuta humo ndicho kinachonifanya nieleze kisa hiki kuanzia mwanzo. Wengi wetu tukiuguza mbwa aliyevunjika vibaya tunaogopa maumivu, na ni haki, hakuna anayependa kumsikia mnyama akilia usiku. Lakini maumivu angalau yanamlaza chini. Kilichotuponza sisi ni nafuu.

Jioni ya ajali

Doa ni jike, wakati ule ana miaka 3 na kilo 19, mchanganyiko wa mbwa gani na gani hatujui, mwenye alama moja nyeupe kifuani iliyompa jina. Lango liliachwa wazi kwa dakika mbili. Tulisikia breki, mlio mmoja mkali, kisha kimya. Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, na mbwa naye ndivyo alivyo: tulipofika barabarani hakuwepo. Alishajikokota kwa miguu mitatu hadi nyuma ya nyumba, chini ya tangi la maji, mahali anapojificha ngurumo zikianza.

Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa unaning'inia kuanzia chini ya goti kama soksi iliyotiwa jiwe. Upande wa ndani wa muundi palikuwa na tundu la kama sentimita 2, na ndani yake ncha nyeupe. Upande huo wa muundi hauna nyama, ni ngozi juu ya mfupa, kwa mbwa kama kwa mtu. Ndiyo maana mfupa huo ukivunjika kwa kishindo hutoboa nje kirahisi.

Mengine tuliyafanya sawa, nusu kwa akili na nusu kwa bahati. Hatukusukuma mfupa kurudi ndani. Tulifunika kidonda kwa kitambaa safi. Kwa kuwa alikuwa anapumua vizuri na hatapiki, tulimfunga mdomo kwa utepe wa bendeji, maana mbwa mwenye maumivu makali humng'ata hata anayempenda. Tukamtelezesha juu ya ubao wa kupigia pasi badala ya kumbeba mikononi. Hatukufunga banzi pia, na hilo daktari alilisifu. Banzi la kujaribia huwa mzigo mwingine tu, na kwa mfupa wa paja ni balaa zaidi: bendeji haifiki juu ya mvunjiko, hivyo uzito wake wote unabembea kama timazi palepale palipokatika.

Kosa lilikuwa moja, nalo lilikuwa dogo kama nusu ya kidonge.

"Mmempa dawa yoyote?" daktari aliuliza kabla hata hajaugusa mguu.

"Nusu tu, daktari. Diklofenaki, ile ya mama ya mgongo."

Akaweka kalamu mezani. "Dada, hiyo nusu imenifungia kabati nzima."

Maelezo yalikuja baadaye, huku akimwekea mpira wa maji kwenye mshipa. Dawa za binadamu za kundi hilo, diklofenaki na ibuprofeni miongoni mwao, huchimba vidonda kwenye tumbo la mbwa na kuumiza figo zake, hasa mbwa aliyepoteza damu ambaye figo zake tayari zinapata damu kidogo. Zipo za kundi hilohilo ambazo mbwa huzimudu, kama meloksikamu na kaprofeni, lakini haziruhusiwi kurundikwa juu ya nyingine. Kwa hiyo kwa siku kadhaa za mwanzo, zile ambazo maumivu ni makali kuliko zote, Doa alinyimwa dawa ambayo ingemfaa kwa uvimbe, akaishi kwa sindano za jamii ya mofini peke yake. Nasi tukapewa kazi ya kuchungulia kinyesi: kikiwa cheusi kama lami, tumbo linavuja damu. Hakikuwa. Bahati nyingine.

Kwa nini mguu ulisubiri

Mama alinung'unika sana siku mbili zile. Mbwa mfupa uko nje, na daktari anapiga picha ya kifua! Mimi mwenyewe niliona kama uzembe. Lakini gari halichagui mguu peke yake. Daktari alibonyeza ufizi akahesabu: weupe wa kidole unapaswa kurudi kuwa pinki ndani ya sekunde 2. Akasikiliza mapafu, akapiga eksirei ya kifua, akasubiri aone mkojo, kwa kuwa kibofu huweza kupasuka bila dalili yoyote ya nje siku ya kwanza. Mapafu yalikuwa yamevia damu upande wa kulia. Mbwa wa namna hiyo ukimpa nusukaputi ndefu usiku uleule, unaweza kumaliza na mguu mzuri juu ya mbwa aliyekufa. Kilichofanyika ndani ya saa ya kwanza ni antibiotiki ya mshipa, kukiosha kidonda kwa lita na lita za maji ya chumvi ya hospitali, na bendeji nene ya pamba kutoka vidoleni hadi juu ya goti.

Siku ya tatu tangu ajali ndipo alipoingia chumba cha upasuaji. Madaktari wa wanyama wameazima kwa madaktari wa binadamu vipimo vya Gustilo na Anderson vya mwaka 1976 kwa mvunjiko uliotoboa ngozi: daraja la kwanza kidonda hakifiki sentimita 1, la pili kinazidi hapo lakini nyama haijaharibika sana, la tatu nyama imeraruka vibaya. Doa alikuwa wa daraja la pili, na mfupa wenyewe ulikuwa vipande vinne, theluthi ya chini ya muundi.

Hapo hogo, ile plasta ngumu ya kufungia mguu, likaondolewa kwenye hesabu. Hogo linaziba kidonda kinachotakiwa kufunguliwa kila siku, na vipande vinne ndani yake huporomoka vikabebana, mguu ukapona mfupi. Bamba la chuma na skrubu huwa imara, ila chuma kikubwa ndani ya kidonda kilichochafuka huwapa vijidudu mahali pa kujificha. Ikabaki fremu ya nje: pini sita zinazopita kwenye ngozi hadi kwenye mfupa, tatu juu ya mvunjiko na tatu chini, zikafungwa kwa fito za chuma nje ya mguu. Kila pini isizidi kama robo ya unene wa mfupa, vinginevyo tundu lake lenyewe linakuwa mahali pa kuvunjikia. Kati ya ngozi na fito aliacha nafasi ya kidole, kwa ajili ya uvimbe.

Na ikabaki njia ya mwisho, kuukata mguu. Alipoitaja nilimwona kama mtu aliyekata tamaa, nikakasirika. Leo nisingekasirika. Mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, hivyo aliyepoteza mmoja wa nyuma, asiye mnene na mwenye viungo vizima, kwa kawaida hujifunza kutembea ndani ya siku chache na kuishi vizuri. Anayekata mguu anamaliza jambo kwa upasuaji mmoja. Anayeuokoa anajiandikisha miezi mitatu au minne ya kazi ya kila siku, na hakuna anayemhakikishia. Tulichagua kuokoa. Siwezi kusema tulipima sana, tuliupenda mguu tu.

Daftari

"Mwandike kila kitu," daktari alisema tulipomchukua. "Mkiniambia 'anaendelea vizuri' hamjaniambia kitu."

Nikanunua daftari la mistari. Dawa na saa zake. Haja kubwa na ndogo. Joto la mwili, ambalo kwa mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Hali ya kila pini, nikizipa namba kutoka juu kwenda chini, 1 hadi 6. Na safu ya mwisho, ambayo ndiyo iliyokuja kunishtaki: mizani.

Hii ya mizani ni rahisi hata inachekesha. Unachukua mizani mbili za kawaida za bafuni zinazolingana kimo, unamsimamisha mbwa wima, kichwa mbele, mguu mmoja wa nyuma juu ya kila mizani. Mbwa wa kilo 19 mwenye afya huweka nyuma karibu asilimia 40, yaani kama kilo 7.6, ambayo ni 3.8 kila mguu. Unapima mara tatu, unachukua wastani. Macho yanadanganya, hasa macho yanayompenda mbwa, kwa sababu mbwa anayechechemea huweza kuugusisha mguu chini vizuri kabisa bila kuuwekea hata nusu kilo.

Wiki ya kwanza haikuwa na la kusimulia zaidi ya uchovu. Kizimba kilikuwa cha kutosha kusimama, kugeuka na kulala kwa kujinyoosha, si zaidi. Godoro nene, kwa sababu kiwiko na nyonga za mbwa asiyesogea huchubuka. Haja tulimtoa kwa kamba fupi na taulo limepitishwa chini ya tumbo, mtu ameshika ncha zote mbili kama mpini wa kikapu. Taulo tulilisogeza mbele mno mara ya kwanza, likakandamiza kibofu, akanikojolea viatu. Kinyesi kilikuja siku ya nne tu. Dawa za jamii ya mofini hufunga tumbo, na kabla ya hapo alikuwa hajala. Koni ya shingoni aliichukia, akagonga nayo kila mlango, lakini haikuvuliwa ila wakati wa kula nikiwa nimekaa naye. Ulimi wa mbwa si dawa ya kidonda, waseme wasemavyo.

Kuhusu kulia: hakulia. Nilikuwa nasubiri sauti na haikuja. Maumivu ya Doa yalikuwa kuhema usiku wa baridi, kukataa kulala upande wowote, kusimama kichwa kimeinama huku macho yakifumba. Nilipompigia daktari nikamwambia ametulia sana, akauliza, "Ametulia, au hathubutu kulala?" Akaongeza dozi, na Doa akalala saa sita mfululizo.

Jirani mwema alituletea unga wa kalsiamu. Daktari akatukataza. Mbwa mzima anayekula chakula kamili hapungukiwi kalsiamu, na kwa watoto wa mbwa wa aina kubwa nyongeza hiyo huharibu mifupa inayokua. Alichotaka ni kinyume: tupunguze chakula. Mbwa aliyelala siku nzima huku anahurumiwa na watu watatu hunenepa haraka, na kila kilo inapita kwenye pini. Doa alifika kilo 20.4 kabla hatujamwelewa.

Nafuu inapoingia

Mfupa uliovunjika kwanza hujaa damu inayoganda. Ndani ya wiki chache damu ile hugeuka gundi laini, tishu ya kovu na gegedu, inayoshika vipande pamoja. Kisha gegedu hubadilika polepole kuwa mfupa, mwanzoni mfupa wa ovyo, mnene na wa hovyohovyo, ambao mwili huuchonga upya kwa miezi mingi. Kwa mtoto wa mbwa wiki 4 hadi 6 zinaweza kutosha kushika. Kwa mbwa mzima hesabu wiki 8 hadi 12, na mvunjiko kama wa Doa huenda mbali zaidi.

Maumivu hayafuati ratiba hiyo. Gundi laini inatosha kuzuia vipande visisagane, na visiposagana mbwa hasikii maumivu mengi. Basi karibu wiki ya tatu unakuwa na mnyama anayejisikia mzima juu ya mguu ulioshikwa na kitu kigumu kama sikio.

Ugumu ni kwamba kumlaza tu hakufai. Mjerumani Julius Wolff aliandika tangu 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba. Mguu usiobebeshwa chochote hupona vibaya, viungo hukakamaa, misuli ya paja huyeyuka. Kikundi cha madaktari wa upasuaji kilichoanzishwa Uswisi mwaka 1958, kinachojulikana kama AO, kilijengwa juu ya wazo la karibu na hilo: funga mfupa imara ili kiungo kianze kusogea mapema. Kwa hiyo mzigo ni dawa. Na dawa ina dozi.

Dozi yetu iliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni: dakika 5, mara nne kwa siku, kamba fupi, polepole kiasi cha kumlazimisha aweke kila mguu chini. Hakuna ngazi, hakuna sakafu inayoteleza.

Siku ya 19 nilimpeleka dakika 15. Alikuwa ananing'ang'ania mlangoni, mkia unapiga kizimba, na mimi nilikuwa nimechoka kumwona amefungwa. Hakukimbia, nilijitetea. Siku ya 22 tukafika dakika 20. Daktari sikumwambia, si kwa kuficha, bali sikuliona kuwa jambo. Siku ya 28 tulipiga eksirei ya kwanza ya kufuatilia, na kwenye picha palikuwa na ukungu mweupe ukizunguka mvunjiko, gundi inaanza kugeuka mfupa. Daktari alifurahi.

"Inaenda vizuri, dada. Usibadilishe kitu."

Nikasikia ruhusa. Yeye alikuwa anazungumzia dakika 5. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye 20.

Kesi ya kochi

Tukio lenyewe mmeshalisikia. Baada ya kuruka, Doa hakuonyesha lolote usiku ule. Asubuhi alikuwa akiugusisha mguu kwa ncha za vidole. Siku iliyofuata akaunyanyua kabisa. Nilingoja kwa sababu alikuwa anakula, na hapo namwambia mtu yeyote anayeuguza: mbwa anayekula si kipimo. Doa angekula hata akiwa amelala ubavu mmoja motoni. Dalili yenye uzito ni mbwa aliyekuwa anautumia mguu kila siku zaidi, kisha akaanza kuutumia pungufu. Ikitokea hiyo, ni simu ya siku hiyohiyo. Mimi niliipiga siku ya 36.

Pini namba 1, ya juu kabisa upande wa nje, ilikuwa inacheza kwa kidole. Ngozi kuizunguka ilikuwa imevimba na nyekundu, ukiibonyeza inatoa usaha wa njano. Joto 39.7.

Nyumbani nilisema maneno mengi. Mdogo wangu hakujibu hata moja.

Halafu daftari. Nililifungua nikitafuta saa ya kuruka ili nimpe daktari. Nikakuta haya, kwa mwandiko wangu mwenyewe:

Siku ya 14, mizani: kilo 0.8. Siku ya 21: 1.7. Siku ya 28: 2.4. Mstari unaopanda, mzuri.

Siku ya 29: "Pini 1 unyevu, rangi ya chai, bendeji ya gozi imelowa mara mbili. Kawaida?"

Siku ya 31: mizani, kilo 1.6. "Amesimama vibaya, nirudie." Sikurudia.

Kochi ni siku ya 33.

Nilikaa na kurasa zile muda. Kile kiulizo baada ya neno "kawaida" ndicho kilichonichoma, kwa sababu nilikuwa nimeuliza karatasi. Unyevu kidogo kuzunguka pini ni wa kawaida kweli: maji maji meupe yanayokauka yakawa gamba, na gamba lenyewe huachwa kama halisumbui. Kulowesha gozi mara mbili kwa siku si kawaida. Na kilo 2.4 kushuka hadi 1.6 ndani ya siku tatu si kusimama vibaya.

Nilimpelekea daktari picha za kurasa zile. Akazitazama pamoja na eksirei ya siku ya 36, ambayo ilikuwa na pete nyeusi nyembamba kuizunguka pini namba 1, maana yake mfupa ulikuwa umelika pale. Mfupa hauliki kiasi cha kuonekana kwenye picha ndani ya siku tatu. Tuliporudi kwenye picha ya siku ya 28, alama ilikuwepo hafifu kama uzi, kitu ambacho mtu huona akishajua pa kutazama.

Kwa nini pini ile na si nyingine? Nyingine zimepita mahali penye ngozi na mfupa tu. Namba 1 ilipita kwenye misuli ya upande wa nje, karibu na goti, na kila hatua misuli ile husogea ikiisugua pini. Hatua nyingi, msuguano mwingi. Msuguano huleta maji, maji hukaribisha vijidudu, vijidudu hula mfupa, pini inaanza kucheza, na ikicheza msuguano unaongezeka. Dakika 20 mara nne kwa siku ni dakika 80, badala ya 20 alizoagiza daktari. Nilikuwa nimempa dawa mara nne ya dozi, kwa mapenzi mema.

Niliyatafuta maelezo mengine, nikiri, kwa kutaka kujiokoa. Labda alilamba? Koni ilikuwa shingoni na vidole vya mguu vilikuwa vikavu. Labda ni uchafu wa kidonda cha kwanza? Kidonda kile kilikuwa chini, mbali na pini ya juu, na kilishafunga safi. Nikamuuliza daktari kama pini inaweza kulegea kwa namna ilivyotiwa. Alinyamaza kidogo. "Inaweza. Keekee ya kutobolea ikienda kasi inaunguza mfupa, na mfupa ulioungua unaachia pini mapema. Siwezi kukuapia kwamba si mkono wangu." Nilimheshimu zaidi baada ya jibu hilo. Lakini keekee peke yake haikunieleza vizuri kwa nini mizani ilipanda vizuri hadi siku ya 28 na kisha ikashuka. Matembezi yanaeleza.

Na kochi? "Kochi halikusaidia," daktari alisema. Basi.

Baada ya hapo

Pini namba 1 iling'olewa, tundu likasafishwa, nyingine ikatiwa pembeni kidogo, penye misuli michache. Usaha ulipelekwa maabara ili antibiotiki ichaguliwe kwa majibu badala ya kubahatisha. Tukafundishwa kuzungushia gozi kati ya ngozi na fito, imebana kiasi, ili ngozi isipande na kushuka kwenye pini. Dakika 5 zikarudi, safari hii kwa saa ya simu yenye kengele. Mara mbili kwa siku nilimlaza ubavu nikamkunja na kumnyoosha goti na kifundo, mara 10 hadi 15, nikiishia pale anapogeuza kichwa kunitazama. Kugeuza kichwa kulikuwa ndiyo lugha yake ya "basi".

Siku ya 45 mizani ilisoma kilo 2.0. Siku ya 60, 2.9. Wiki ya 10 fito moja iliondolewa ili mfupa uanze kubeba wenyewe, na wiki ya 13 vyuma vyote vilitoka. Watu walitaka kusherehekea, nami nikawa mchoyo: matundu sita ya pini, na la saba la ile iliyong'olewa, hudhoofisha mfupa hadi yajae, kwa hiyo wiki tano nyingine zilikuwa za kamba. Paja la kulia, nikilipima kwa futi ya fundi cherehani, lilikuwa sentimita 26 na la kushoto 31. Hiyo ndiyo bei ya miezi mitatu, na inalipwa kwa matembezi ya polepole yanayoongezwa dakika chache kila wiki.

Usiku ule wa siku ya 38 nilimwamsha mdogo wangu nikamwonyesha ukurasa. Aliusoma mara mbili.

"Kwa hiyo si kochi, dada."

"Kochi kidogo," nikamwambia.

Mwezi wa sita tangu upasuaji Doa alipanda kochi tena, mwenyewe, tukiwa wote sebuleni, mguu wa kulia ukisukuma pamoja na wa kushoto. Hakuna aliyesema kitu. Mdogo wangu alinitazama, na mimi nikainuka kwenda kuchukua mizani.